Nafufua Land Cruiser mkonga wa zamani (HZJ75) uani kwangu Mwanza, usukani unatikisika kama umepandwa mashetani

Mkonga wa Ilemela

Wakuu habari za jioni. Uzi huu utakua mrefu na ntauandika vipande vipande kadri kazi inavyoenda, mwenye haraka apite mapema asije akanilaumu.

Ni hivi, mwaka jana nilichukua Land Cruiser mkonga (mkonga ni lile bomba la hewa ya injini linalopanda pembeni mwa kioo), HZJ75 ya 1993, kwa mzee mmoja aliyekua anabebea samaki kutoka mialo ya huko Igombe, na mpaka leo siku ya jua kali ukifungua mlango pua inakwambia gari ilikua na kazi gani. Kwa wasiojua hizi namba, HZ ni injini ya 1HZ, dizeli, silinda 6 za mstari, cc 4164, haina turbo wala kompyuta, Toyota wameanza kuitoa 1990. Ya kwangu ina springi za mabamba mbele na nyuma, maana koili mbele zilikuja na modeli ya 79 mwaka 1999. Frihabu, zile za kuunganisha tairi za mbele na foo wili, ni za kuzungusha kwa mkono. Yaani ni gari ambayo mtu mwenye spana na kichwa kilichotulia anaweza kuifungua yote mwenyewe, hicho ndo kilinifanya nikaipenda.

Sasa shida. Ukifika spidi 65 hivi alafu tairi la mbele likagusa kishimo, usukani unaanza kutikisika, sio kidogo, unatikisika mpaka kioo cha ndani kinageuka kuangalia dari, na hauachi mpaka ushuke mpaka 30. Mara ya kwanza ilinikuta natoka Usagara narudi mjini, nyuma nina lori, nilishika usukani mikono miwili nikasali sala ya mama yangu.

Nikapeleka gereji moja hapa mjini, jina nalihifadhi. Wakabadili shokapu ya usukani, haikusaidia. Wakabadili tairodi endi zote, wakafanya balansi ya matairi, wakafanya alaimenti, kila mara naambiwa "sasa boss imeisha" na kila mara nikifika Buhongwa inarudi. Mwisho wakasema ninunue stelingi boksi nzima. Hapo ndo nikasema hapana, nikairudisha nyumbani taratibu kwa gia ya 3.

Uani kwangu kuna sehemu tambarare moja tu, ukubwa wa mkeka wa harusi, kwingine kote ni mawe kama mnavyoijua Mwanza. Hapo ndo gereji. Nina jeki mbili, stendi mbili, seti ya soketi, na dogo wa jirani aliyemaliza chuo cha ufundi VETA anayenisaidia Jumamosi. Wajuzi mje, nianzie wapi?

Jiwe la Igogo

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

Kishindo cha Turbo

Mkuu hiyo ni balansi tu hawakuifanya vizuri. Weka matairi mapya ya matope na rimu pana, alafu turbo, hiyo gari itakua nyingine kabisa.

Dereva wa Kome

Turbo inahusianaje na usukani jamani 😂

Fundi Mstaafu

Kijana wangu, acha kununua vitu kwanza. Hela imeshatoka ya kutosha.

Fanya hivi. Inua mbele, weka stendi chini ya ekseli, usiamini jeki hata kama umeinunua jana. Shika tairi juu na chini, mkono mmoja saa 12 na mwingine saa 6, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie huyo dogo akanyage breki na ashikilie, wewe endelea kulitikisa. Breki ikikanyagwa na mchezo ukaisha basi ni beringi za tairi, kwasababu breki imeshika diski na habu haiwezi kucheza tena. Mchezo ukibaki palepale, hiyo ni beringi za kingipini, zile ambazo tairi linazungukia likikata kona, juu na chini ya lile tufe la mwisho wa ekseli. Miaka yote niliyofanya kazi hizi gari za springi, zinazotikisa namna hiyo nyingi ni kingipini, na mafundi wanakwepa kwasababu ni kazi chafu na ya siku nzima, shokapu ya usukani ni nati mbili unamaliza unalipwa.

Hiyo shokapu inaficha ugonjwa tu. Mpya inaweza kuuzima mtikisiko wiki mbili, ikichoka unarudi.

Alafu uangalie tufe lenyewe kwa nyuma, kuna nini? Grisi kavu, au kuna uji uji unadondoka?

Mkonga wa Ilemela

Mzee wangu shikamoo na asante sana. Nimefanya jioni hii hii nikashindwa kusubiri Jumamosi.

Kushoto, mchezo upo na dogo akikanyaga breki UPO VILEVILE. Kulia unapungua nusu. Kwa hiyo kushoto kingipini, kulia kingipini na beringi za tairi juu yake.

Na ulichouliza kuhusu uji, dah. Matufe yote mawili yanavuja kitu cheusi chepesi kama molasesi, kimetapakaa mpaka upande wa ndani wa rimu. Nilikua nadhani ni tope la zamani.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Huo uji ni oili ya difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, imechanganyika na grisi. Kuna sili moja ndogo ndani ya bomba la ekseli, kazi yake kuzuia oili isitoke kwenye difu kuja kwenye tufe. Ikifa, oili inakuja inaosha grisi yote ya sivi jointi (kiungo kinachozungusha tairi hata likikata kona) na ya kingipini. Beringi za kingipini hazifi zenyewe, zinauawa na hiyo sili ya bei ndogo.

Sasa swali la mtihani, nani anajua sili inakufa kwanini?

Jiwe la Igogo

Uzee?

Dereva wa Kome

Naomba nijibu mimi maana nimeshalipa ada ya hili somo. Ni briza, lile pumulio la difu juu ya ekseli, kile kikofia kidogo kama kizibo cha soda. Kikiziba tope, difu ikipata moto hewa inatanuka haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Na kinyume chake ndo kibaya zaidi. Mimi natembea sana visiwani na mialo mingi hakuna gati, mnarudisha gari nyuma mpaka maji yafike kwenye bodi mpakie mzigo kutoka kwenye mtumbwi. Difu imetoka barabarani inachemka, unaidumbukiza kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla inavuta, na kwakua pumulio limeziba inavuta MAJI kupitia sili. Siku nimefungua boliti ya difu ya nyuma ikatoka chai ya maziwa. Nilinunua krauni na pinioni, gia za ndani ya difu, sitaki hata kukumbuka.

Fundi Mstaafu

Umefaulu.

Mkonga wa Ilemela

Nimeenda na tochi. Briza ya mbele imeziba tope gumu kama tofali. Ya nyuma haipo kabisa, kuna kipande cha mfuko wa rambo kimekunjwa kikapigwa humo, mzee wa samaki Mungu anamuona.

Yaani gari ina mkonga mrefu kupita dirisha, watoto mtaani wanaushangaa, alafu mapumulio ya chini hayapo. Naambiwa ukienda majini mkonga unatosha, kumbe mkonga unalinda injini tu.

Dereva wa Kome

Na huo mkonga wenyewe usiuamini mpaka uupime. Washa injini iwe sailensa, bila kukanyaga mafuta, alafu panda uzibe mdomo wa juu kwa kiganja au kipande cha mpira. Injini lazima ikabwe izime. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inavuta hewa pembeni, na pale inapovuta hewa ndo patakapovuta maji. Maji hayagandamizwi kama hewa, yakiingia kwenye silinda konrodi inapinda, ndo mwisho wa injini yako ya cc 4164.

Mkonga wa Ilemela

Nimepima. Haikuzima wala haikubadilika sauti 🤦🏾 Kumbe mpira unaounganisha mkonga na boksi la filta umechanika kwa chini na klipu imelegea. Ndani ya boksi kuna vumbi na bawa la kumbikumbi. Kwa hiyo gari imekula vumbi sijui miaka mingapi na bado inawaka kwa nusu stata. Hii injini ni ya kuheshimu.

Mkonga wa Ilemela

Jumamosi, kazi ya kushoto. Naandika kwa kirefu hapa kwasababu mtandaoni video zote ni za wazungu wenye lifti na kompresa, wengine tuna mawe na mwavuli.

Tairi limetoka, kalipa ya breki boliti 2, nikaifunga kwa waya kwenye springi isining'inie kwenye hosi. Frihabu: unatoa kile kifuniko cha kuzungushia, ndani kuna sakrip kwenye ncha ya ekseli, itoe, alafu nati 6 za bodi ya habu. Hapo ndo wengi wanakwama maana nati zimetoka lakini bodi haitoki, kwasababu chini ya kila nati kuna washa ya koni imekaa kama kabari. Usiingize bisibisi. Chukua kipande cha shaba, gonga ncha za stadi kwa juu au pembeni mwa bodi, utasikia "tik" moja moja zinaruka. Moja ilirukia kwenye bustani ya mchicha tukaitafuta nusu saa, mama watoto akaja kusimamia msako.

Baada ya hapo nati mbili kubwa na washa ya kufungia katikati, soketi yake ni ya milimita 54. Nunueni hiyo soketi wakuu, nawaomba. Za kwangu zimeliwa pembe zote kwa tindo, kila fundi aliyepita ameacha sahihi yake. Na ukifungua kwa tindo hata kufunga utafunga kwa tindo, kwa hiyo beringi inakazwa kwa kukisia. Nadhani ndo sababu ya beringi za kulia.

Habu ikatoka na diski yake. Kisha boliti 8 za spindo (lile shina ambalo habu inazungukia), kugonga kidogo kwa nyundo ya mpira, spindo ikatoka, na nyuma yake ukamwagika ule uji, karibu lita nzima, tuliukinga kwenye ndoo ya rangi. Ekseli ikavutwa nje na sivi jointi yake. Nikaiosha kwa dizeli, nikaangalia mipira yake ya chuma na njia zake, kuna michubuko midogo lakini haijapasuka. Hii ndo inayolia ka-ka-ka ukikata kona kali ukiwa kwenye foo wili, yangu ilikua inalia nikadhani ni kroso.

Mwisho ni kingipini zenyewe, juu na chini. Ya chini ilikua haina tena roli zilizo nzima, kuna vipande na vumbi la kutu, na bakuli lake limechorwa alama za roli kama meno. Niliishika mkononi nikakumbuka lile lori pale Usagara.

Ushauri: juu na chini kuna vile vibati vyembamba, shimu, usivichanganye. Funga vya juu pamoja na vya chini pamoja, andika kushoto kulia. Dogo alikua anataka kuviosha vyote kwenye bakuli moja nikapiga ukelele.

Binti Mwaloni

Napita tu lakini nimeshindwa kuondoka. Ule uji mlimwaga wapi kaka? Msije mkaupeleka ziwani maana nawajua wanaume na magari yenu.

Mkonga wa Ilemela

Dada upo kwenye dumu, kuna mtu wa mbao anakuja kuuchukua anapaka nguzo zake dhidi ya mchwa.

Binti Mwaloni

Afadhali. Na wale wanaoingiza gari ziwani kuiosha na omo, sheria ya mazingira ya 2004 imesema shughuli za kuharibu fukwe ni marufuku ndani ya mita 60, watu wanajifanya hawajui. Sisi tunachota hayo maji.

Mkonga wa Ilemela

Wabeja dada, kwa kweli uko sahihi.

Sasa nina swali la Mzee Fundi. Nimepata beringi mpya 4 za kingipini, sili za ndani 2, na ile seti ya mipira na vitambaa vya kufutia tufe. Kitabu kinasema ukishafunga kingipini upime ukakamavu wa mzunguko kwa mizani ya springi, kati ya kilo kadhaa na kadhaa. Hiyo mizani naipata wapi, ni ya kuagiza?

Fundi Mstaafu

Kijana wangu, uko Mwanza. Unauliza mizani ya springi unaipata wapi?

Dereva wa Kome

😂😂😂😂 nimecheka mpaka abiria wamegeuka

Jiwe la Igogo

Uzi umeshinda. Mtu anakaa pembeni ya ziwa anatafuta mizani ya samaki.

Mkonga wa Ilemela

Nimekubali aibu. Nimempigia shemeji yangu anauza sato pale Mwaloni Kirumba, kaniletea ile ya ndoano ya kuning'iniza. Kasema irudi kabla ya Jumatatu alfajiri na irudi safi.

Hii hapa hatua kwa faida ya wote. Bomba la ekseli umelisafisha, sili mpya ya ndani umeigonga taratibu kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, usiigonge kwa nyundo upande mmoja italala. Bakuli mpya za kingipini zimekaa mpaka chini. Beringi umezipaka grisi, unafunga juu na chini na zile shimu za zamani kama kianzio. Ekseli BADO haijarudi, ile mipira ya kufutia tufe BADO, na tairodi umeitoa, maana vyote hivyo vinaongeza ugumu vitakudanganya. Sasa ndoano ya mizani unaitia kwenye tundu la mkono pale tairodi inapokaa, unavuta kwa pembe mraba, unasoma wakati inazunguka sio wakati inaanza kutoka.

Mara ya kwanza kushoto ilisoma kilo 1 na kidogo, yaani imelegea. Nikatoa shimu moja nyembamba juu, ikaenda 2 na nusu. Nikatoa nyingine chini ili tufe libaki katikati, ikakaa 4. Kulia nimeishia 4 na robo. Mimi nililenga katikati ya 3 na 5, wewe angalia kitabu cha modeli yako. Ukipunguza shimu inakaza, ukiongeza inalegea, hamna uchawi mwingine.

Dogo wa VETA akasema mbona chuoni walitufundisha kukaza mpaka mwisho alafu kurudisha robo. Nikamwambia vuta mwenyewe usome. Kavuta mara kumi, nadhani alikua anafurahia tu.

Fundi Mstaafu

Safi. Ndani ya sivi jointi tia grisi ya moly, ile nyeusi, ijaze mpaka ishibe kwenye ile mipira ya chuma, lakini tufe lenyewe usilijaze mpaka juu, acha nafasi. Na usichanganye grisi nyekundu na nyeusi kwakua moja imebaki kidogo kwenye kopo, najua mnavyofanya.

Mkonga wa Ilemela

Nilikua nataka kufanya hivyo hivyo kabisa mzee 😅

Mapumulio nayo tayari. Nimetoa vile vikofia mbele na nyuma, nikaweka nipo na mpira wa mafuta, ya mbele imepanda mpaka juu karibu na betri, ya nyuma imefuata chesisi mpaka nyuma ya kebini. Kwenye ncha nimeweka filta ndogo ya mafuta ya pikipiki ili vumbi lisiingie. Gia boksi na transfa nazo zina lao, nimefanya hivyo hivyo. Kazi nzima imekula masaa mawili na ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote nilivyofanya kwenye hii gari.

Kishindo cha Turbo

Hongera mkuu lakini bado nasema turbo. Ile 1HZ ni nzito sana kwenye mlima, kuna jamaa kaweka na inakimbia.

Fundi Mstaafu

Inakimbia mpaka lini? 1HZ inawasha mafuta kwenye kijichumba kidogo ndani ya silinda hedi kabla moto haujashuka kwenye pistoni. Joto linakaa kichwani. Ukimletea hewa ya turbo na fundi akafungulia pampu ili ionekane ina nguvu, hedi inapasuka. Anayetaka aweke geji ya joto la moshi kwanza na awe na mguu wenye adabu. Toyota walipotaka turbo walitengeneza 1HD-T ya kwenye Land Cruiser 80, na hiyo inapiga mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, ni injini nyingine.

Kishindo cha Turbo

Sawa mzee nimesikia. Lakini roho inauma.

Mkonga wa Ilemela

Habari mbaya kidogo. Wakati nimelala chini nafuata mpira wa pumulio, nikagonga chesisi kwa bisibisi nyuma ya ekseli ya nyuma. Bisibisi ikaingia. Nikabaki naiangalia.

Kilichoniumiza ni kwamba nilikagua hapo kabla ya kununua, palikua pamepakwa lami nzuri nyeusi inang'aa. Lami ilikua imeficha kutu kwa ndani.

Jiwe la Igogo

Ila ziwa letu ni maji baridi, sio bahari. Hiyo kutu ya namna hiyo imetoka wapi?

Binti Mwaloni

Kaka si umesema ilikua inabeba samaki? Dagaa tu au na kayabo?

Mkonga wa Ilemela

Nimempigia mzee. Kayabo, miaka na miaka.

Binti Mwaloni

Basi jibu hilo. Sangara wa chumvi, yale maji yake yanachuruzika usiku kucha kwenye bodi, yanaingia kwenye chesisi. Gari yako imeishi baharini bila kuiona bahari.

Mkonga wa Ilemela

Nimekata pale palipooza, urefu kama shubiri mbili upande wa kulia, kushoto kidogo tu. Nimechomelea bamba la milimita 4 kwa ndani na nje, ncha zimekatwa kwa mshazari sio wima, maana ukichomelea mstari wima kwenye chesisi ni kama umeichorea pa kukatikia. Kabla ya kuchomelea nikatoa waya za betri na plagi ya altaneta, na koleo la aithi nimelibana karibu kabisa na ninapochomea, sio kwenye bampa. Nikatoboa matundu ya kutolea maji pale yalipokua yamezibwa na lami. Badala ya lami nimepaka praima, rangi, alafu ndani ya bomba la chesisi nimepulizia oili iliyochanganywa na grisi ikiwa ya moto. Inadondoka kidogo siku za jua, mama watoto kaweka kiroba chini.

Taa ntasema kwa kifupi. Zilikua hafifu, nikapima altaneta inatoa volti 14 lakini kwenye balbu zinafika 11 na ushee, nyingine zimepotelea kwenye waya na swichi za miaka 30. Nikataka kuweka rilei, swichi inayowashwa na umeme ili taa zivute moja kwa moja kwenye betri. Kijana mmoja wa umeme akafunga kama anavyofunga gari nyingine, tukiwasha parking taa kubwa zinawaka zenyewe na hazizimi. Kumbe hizi Toyota chanya iko kwenye balbu muda wote na swichi inakata HASI. Dawa yake ni koili ya rilei uilishe kwa waya zote mbili kutoka kwenye plagi ya zamani ya taa, usichukue hasi yako pembeni. Sasa zinawaka kama mchana. Na ya kwangu ni volti 12, ziko nyingine za soko la Japani ni 24, kabla hujaazimana waya za betri na mtu angalia kwanza.

Dereva wa Kome

Matairi umeamua nini?

Mkonga wa Ilemela

Nimebaki na 7.50R16 na rimu za pete, zile zenye pete ya chuma inayobanduka. Najua 235/85R16 ni karibu kimo hicho hicho na inatulia zaidi lami, lakini ukipata pancha Misungwi ndani ndani kwenye mbuga, ule udongo mweusi, pete unaibandua kwa vyuma viwili na nyundo unaziba mwenyewe. Kitu kimoja tu, wakati wa kujaza upepo usiiname juu yake. Pete ikiruka inaua. Mimi nafungia mnyororo kuzunguka rimu na tairi, najaza nikiwa nyuma ya jiwe, na mawe hapa hayajawahi kuwa haba.

Fundi Mstaafu

Umeijaribu barabarani au bado unaipaka rangi?

Mkonga wa Ilemela

Jana mzee. Nilitoka na dogo saa 12 asubuhi, Buhongwa, Usagara, nikakata kulia kwenda Kigongo. Pale pale iliponianzia mara ya kwanza kuna kishimo bado, nikakilenga makusudi nikiwa 70. Gari ikaruka, ikatua, usukani kimya. Dogo akaniangalia, nikarudia 80. Kimya.

Tukavuka daraja la Kigongo-Busisi, kilomita 3 juu ya maji, zamani hapo ungekua umepaki kwenye foleni ya kivuko unanunua karanga. Katikati ya daraja upepo unatoka ubavuni na hizi gari ni kama kabati, lakini nilikua nashika usukani mkono mmoja. Tulifika Sengerema tukala ugali na sato, nikagusa habu zote nne kwa kiganja, vuguvugu, hamna ya moto. Kwenye matufe hamna hata tone.

Kurudi ndo nikaanza kusikia vitu ambavyo zamani vilikua vimemezwa na ule mtikisiko. Mnyororo wa mlango wa nyuma. Kioo cha kushoto. Na dramu ya nyuma kushoto ina unyevu kwa ndani, sili ya ekseli ya nyuma naye anaaga, hiyo ya mfuko wa rambo sikutegemea iniache salama. Nimeshaagiza sili na breki shuu, Jumamosi tunaingia nyuma, ntaleta.

Binti Mwaloni

Na mizani ya shemeji imerudi kaka?

Mkonga wa Ilemela

Ilirudi Jumatatu saa 11 alfajiri, nimeiosha na omo na limau mara tatu. Saa 4 kanipigia, wateja wanauliza mbona sato wa leo ananuka gereji. Nimemnunulia mpya. Ile ya zamani inaning'inia hapa kwenye mwembe, mwenye kingipini za kupima aje nayo gari yake, ila mizani haitoki uani.